Kipimo Kimekataa: Dalili na Vyanzo vya Matokeo ya Ajabu Katika Maabara ya Kemia, Nairobi

Ukikaa kwenye maabara ya shule jijini Nairobi muhula mmoja tu, utasikia malalamiko yaleyale: maji yamekataa kufika 100, bureti ya huyu na ya yule hazipatani, mizani inapanda na kushuka bila kuguswa. Dawa ya haraka, ambayo kila mwanafunzi anaijua, ni kupika matokeo. Unachungulia kitabu, unaona jibu linalotakiwa, unaliandika. Lakini mara nyingi namba uliyoifuta ilikuwa ya kweli, na kilichokosekana ni mtu wa kuuliza imetoka wapi.

Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo ninachokikuta sana, nikamalizia na kile cha nadra. Anza na ukaguzi usiogharimu kitu. Ukifika palipoandikwa SIMAMA, ondoa mikono, mwite mwalimu, mtaalamu wa maabara au fundi.

Maji yanatokota, kipimajoto kimeganda kwenye 94 au 95

Chanzo cha kwanza ni Nairobi yenyewe. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa husukuma kwa takriban kilopaskali 83 (kilopaskali ni kipimo cha mgandamizo), ilhali Mombasa husukuma kwa 101. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuishinda hewa iliyoyakalia. Hewa ikipungua nguvu, mvuke unashinda mapema. Hesabu ya haraka: kila mita 300 unazopanda, unapoteza karibu digrii 1. Kwa hiyo Mombasa ni 100, Nairobi ni 94 na ushei, na Nyahururu, iliyo juu ya mita 2,300, ni karibu 92. Githeri linalokula makaa kule juu halina ubishi wake. Linapikwa na maji ambayo hayajapata moto wa Mombasa. Hata ndani ya jiji, shule ya Karen na shule ya Embakasi zinaweza kutofautiana kwa nusu digrii.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika 94.5 ameona vizuri. Aliyeandika 100 ndiye wa kuulizwa maswali.

Tahadhari na simu. Programu ya hali ya hewa itakuambia mgandamizo wa Nairobi ni hektopaskali 1,015 (yaani kilopaskali 101.5) au zaidi, nawe utadhani uko ufukweni. Namba hiyo imeshasahihishwa ionekane kana kwamba jiji liko usawa wa bahari, ili marubani na watabiri waweze kulinganisha mahali na mahali. Unayoitaka wewe ni ile ya mahali ulipo, inayosomwa kwenye barometa ya maabara au kwenye simu iliyo na kihisio cha mgandamizo ndani yake.

Chanzo cha pili ni kipimajoto chenyewe. Ponda barafu, ijaze kwenye bika, tia maji safi kidogo yafunike mianya, koroga, kisha zamisha kipimajoto dakika chache. Kuyeyuka kwa barafu hakujali mwinuko, kwa hiyo kisomeke 0. Kikisoma 2 kwenye barafu na 97 kwenye maji yanayochemka, basi kimezidisha 2 kote, na kiwango chako cha kweli ni 95. Usikitupe. Kiandike kwa kalamu kwenye mkanda, "toa 2", kiendelee na kazi.

Cha tatu: tunguu ya kipimajoto, yaani ncha yake ya chini iliyovimba, imegusa sakafu ya bika. Hapo kinapima kioo kilicho juu ya moto, na kitasoma 98 au 99, darasa zima lifurahi kwamba limekaribia kitabu. Kining'inize kwa kibanio, katikati ya maji.

Cha nne: uzi wa spiriti umekatika, kipande kimeganda juu. Kizamishe kwenye barafu iliyotiwa chumvi mpaka uzi wote urudi kwenye tunguu na kuungana, kisha kiache kipate joto polepole. Usikipashe motoni ili kuusukuma uzi, kitapasuka.

Wengi hukimbilia kusema "maji yana chumvi". Ili kupandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii 1 unahitaji karibu gramu 58 za chumvi kwenye lita moja. Maji ya bomba hayafiki hapo hata kwa mbali, na isitoshe chumvi hupandisha, haishushi.

SIMAMA ikiwa kipimajoto kilichovunjika ni cha zebaki. Toa watu, fungua madirisha, zima moto wote ulio karibu. Usifagie, maana ufagio huvunja matone na kuyasambaza. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Usimwage kwenye sinki. Zebaki huvukiza katika joto la kawaida la chumba, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Kusafisha ni kazi ya mtu mwenye vifaa, na taka yake hushughulikiwa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Kama shule bado ina vipimajoto vya aina hiyo, hili ndilo jambo la kuanza kuondoa.

Gesi imezidi hesabu

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, ila watu wachache huitambua. Umechukua gramu 0.10 za utepe wa magnesiamu, ukautia kwenye asidi hidrokloriki, ukakusanya hidrojeni. Kitabu kinasema moli moja (kipimo cha wingi wa chembe) ya gesi kwenye joto la chumba huchukua lita 24, kwa hiyo ulitegemea 100 cm³. Ukapata 120. Kama ulitumia sirinji ya gesi ya 100 cm³, pistoni imechomoka na kuanguka mezani mwitikio haujaisha.

Zile lita 24 ni za mgandamizo wa kilopaskali 101. Kwa hewa ya Nairobi, moli hiyohiyo huchukua karibu lita 29. Gesi hutanuka pale inapokosa wa kuibana. Ukikusanya juu ya maji, ongeza na mvuke wa maji uliochanganyika humo: kwa digrii 20 unasukuma kilopaskali 2.3, na hivyo kukupandishia ujazo tena kidogo. Dawa ni mbili. Tumia magnesiamu pungufu, gramu 0.05 hadi 0.07, kisha zidisha ujazo uliopata kwa mgandamizo wa hapa na ugawanye kwa 101 kabla ya kulinganisha na kitabu. Mtihani ukikuambia utumie lita 24, tumia lita 24. Hapo unajibu swali ulilopewa. Lakini daftari lako la maabara liandike kilichoonekana.

Kama gesi imepungua badala ya kuzidi, usitafute falsafa. Kizibo kinavuja, au ulichelewa kukifunga, au utepe wa magnesiamu ulikuwa na utando wa kijivu ambao hukuusugua kwa msasa. Kagua kwa mpangilio huo.

SIMAMA: hidrojeni ikiwa inatoka, hakuna mwali wowote mezani isipokuwa kijiti cha kuijaribia, tena kwenye neli ndogo, kamwe si kwenye chupa iliyojaa.

Taitresheni hazipatani

Katika taitresheni unapima myeyusho mmoja kwa pipeti, kisha unadondoshea mwingine kutoka kwenye bureti, neli ndefu yenye vistari na koki, mpaka kiashiria kibadili rangi. Kwanza tenganisha shida mbili ambazo wanafunzi huzichanganya. Moja: namba zako wewe mwenyewe zinarukaruka, 22.40, kisha 23.10, kisha 22.70. Mbili: namba zako zinapatana vizuri kabisa, lakini ziko mbali na za mwalimu. Ya kwanza ni ya mkono. Ya pili ni ya maandalizi.

Namba zikirukaruka, anza na faneli. Umejaza bureti, umeiacha faneli imekaa juu, na matone yaliyobaki humo yanadondoka wakati wowote yanapojisikia. Itoe kila ukimaliza kujaza. Kisha angalia ncha ya chini, chini ya koki: kama kuna kiputo cha hewa, kitatoka katikati ya kazi na kukuibia hadi nusu cm³. Fungua koki yote kwa ghafla juu ya bika mpaka kiputo kitoke, ndipo usome mwanzo.

Baada ya hapo ni jicho. Uso wa myeyusho umebonyea katikati. Soma chini kabisa ya bonde hilo, jicho likiwa usawa wake. Mfupi apande kwenye kigoda, au ateremshe bureti kwenye stendi. Asisome akiwa ameinua shingo. Weka karatasi nyeupe nyuma. Tone moja la bureti ni karibu 0.05 cm³, ndiyo maana tarakimu ya mwisho huwa 0 au 5. Anayeandika 22.43 anajidanganya. Kwenye jedwali la KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, pia, ukianza kwa desimali mbili, zote ziwe mbili.

Kuna kosa moja la kusoma ambalo nimeliona likiangusha watoto werevu. Bureti ina 0 juu na 50 chini, tofauti na silinda. Uso ukiwa kidogo chini ya 23, mtu aliyezoea silinda huanza kwenye 24, akahesabu vistari sita kwenda juu, akaandika 24.60. Ukweli ni 23.40. Ukiona mtu ana namba moja iliyopotea kwa zaidi ya 1 na nyingine zote ziko sawa, mwombe akuonyeshe kwa kidole anavyohesabu. Usimuulize, mwangalie.

La mwisho katika kundi hili ni rangi. Fenolfthalini kwenye asidi haina rangi; alkali ikizidi kidogo inakuwa waridi. Tafuta waridi hafifu kabisa inayokaa nusu dakika baada ya kutikisa. Waridi iliyokolea ina maana umepitiliza. Na usishtuke ikififia baada ya dakika mbili: kaboni dioksaidi ya hewani imeingia na kula alkali iliyobaki. Usiongeze tone jingine kuifuata. Matone mawili matatu ya kiashiria yanatosha, kwa sababu kiashiria nacho ni asidi dhaifu.

Sasa shida ya pili, namba zinazopatana lakini si za mwalimu. Uelekeo wa tofauti ndio unaokuambia chanzo. Zimezidi? Huenda bureti ilisuuzwa kwa maji peke yake, na maji yaliyobaki yakapunguza nguvu ya myeyusho ulioutia. Isuuze kwa maji, kisha kwa kiasi kidogo cha myeyusho wake, umwage, ndipo ujaze. Au chupa ya koni ilisuuzwa kwa myeyusho wa pipeti badala ya maji safi, ikabaki na ziada. Zimepungua? Pipeti ndiyo iliyosuuzwa kwa maji tu. Kama bureti yako ina hidroksaidi ya sodiamu iliyokaa wiki kadhaa kwenye chupa isiyofungwa vizuri, fahamu kwamba imeshavuta kaboni dioksaidi na si ileile iliyoandikwa kwenye lebo. Tengeneza upya.

Na pipeti ina desturi yake: ukimaliza kuimwaga, gusisha ncha kwenye ukuta wa chupa na uliache lile tone la mwisho. Halipulizwi nje. Waliotengeneza pipeti walishalihesabu.

SIMAMA: usivute pipeti kwa mdomo, hata kama shule nzima hufanya hivyo. Tumia kivutio cha mpira. Alkali ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 bila kukata, mtu mwingine akipanga usafiri wa hospitali wakati huohuo. Alkali huunguza jicho kimyakimya, na mtoto anaweza kusema "sasa iko sawa" ilhali inaendelea kuingia ndani. Koki ya kioo iliyoganda nayo usiilazimishe kwa nguvu ya kiganja. Bureti hupasuka mkononi.

Mizani haitulii

Upepo kwanza. Dirisha, feni, mtu anayepita, pumzi yako. Mizani ya desimali tatu inayaona yote hayo. Funga, subiri, rudia.

Kisha uangalie kama imekaa sawa: kiputo cha maji kiko katikati ya duara? Meza haitikisiki? Stima ilipotea na kurudi asubuhi hiyo? Mizani ya elektroniki huhitaji nusu saa hivi ya kupata joto, kwa hiyo baada ya stima kurudi usiikimbilie.

Namba ikipanda polepole bila kukoma, shuku unachopima. Vidonge vya hidroksaidi ya sodiamu na kloraidi ya kalisi hufyonza unyevu wa hewani, na utaona namba ikikimbia mbele ya macho yako. Hapo mizani iko sawa. Pima haraka, kwenye chupa yenye mfuniko. Namba ikiwa ndogo mno kisha ikapanda na hatimaye kutulia, kitu bado kina joto: hewa moto inayopanda kukizunguka hukiinua kidogo. Kiache kipoe hadi uweze kukishika.

Ukaguzi mmoja unaopima mizani na pipeti kwa pamoja: pima bika kavu, tia 25 cm³ za maji safi kwa pipeti, pima tena. Tofauti iwe karibu gramu 24.9. Ikiwa 24.2, mojawapo ya hizo mbili inakudanganya. Rudia kwa pipeti nyingine ujue ni ipi. Ikiwa ni mizani, usifungue kifuniko chake kuitengeneza. Ihakikishwe na wenye mawe ya kupimia, kwa mfano maabara ya vipimo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Densiti haifanani na kitu chochote

Densiti ni uzito uliogawanywa kwa ujazo, na karibu kila mara ujazo huo ulipimwa kwa bika. Vistari vya bika ni vya kukadiria tu. Tumia silinda, na uchague ndogo inayotosha: kupima 8 cm³ kwenye silinda ya 100 ni kubahatisha. Jiwe likizamishwa kwa kamba, toa viputo vilivyoganda ubavuni mwake.

Ajabu moja si kosa: ukichanganya 50 cm³ za ethanoli na 50 za maji, hupati 100. Unapata karibu 96 au 97, kwa kuwa chembe zinajipanga kwa kubanana zaidi. Uzito haujapungua hata kidogo, pima uone.

Umechoma, uzito haukubaliani na hesabu

Salfeti ya shaba ya bluu ndiyo inayoleta kesi nyingi. Gramu 5.00 zina gramu 1.80 za maji ndani ya fuwele, kwa hiyo unga mweupe unaobaki uwe gramu 3.20. Ukibaki na 3.6, hukumaliza: tafuta ubluu uliojificha chini, choma tena, poza, pima, mpaka vipimo viwili vifuatane sawa. Ukibaki na chini ya 3.20, ama fuwele ziliruka kwa moto wa haraka, ama umechoma kupita kiasi. Rangi itakuambia. Weupe ni badiliko unaloweza kulirudisha, tia tone la maji na ubluu unarudi. Weusi haurudi, salfeti yenyewe imevunjika, umebaki na oksaidi ya shaba.

SIMAMA unga ukianza kuwa mweusi na moshi ukakukaba koo. Hizo ni oksaidi za salfa. Zima, toka, fungua madirisha. Mwenye pumu asirudi siku hiyo.

Kwa magnesiamu iliyochomwa kwenye krusibo (kikombe kidogo cha kuchomea), gramu 0.24 zitoe 0.40. Zikitoka 0.36, kuna njia tatu: moshi mweupe ulitoroka ulipoinua mfuniko juu mno, utepe haukuungua wote, au sehemu yake ilishikana na naitrojeni badala ya oksijeni. Hii ya tatu inatibika. Krusibo ikipoa, dondoshea maji matone machache, pasha taratibu. Ukisikia harufu ya amonia ujue umeipata. Choma tena mpaka uzito utulie. Na usiutazame mwali wa magnesiamu moja kwa moja.

Naftalini imeyeyuka mahali pabaya

Kiwango chake ni digrii 80, na Nairobi hakibadiliki, maana kuyeyuka hakuhisi mwinuko. Ikianza kwenye 74 na kumaliza kwenye 79, ina uchafu: uchafu hushusha kiwango na kukirefusha. Wakati wa kupoza, joto likishuka hadi 77 kisha likapanda ghafla hadi 80, usifute nukta hizo kwenye grafu. Kimiminika kilichelewa kuganda. Koroga taratibu na sehemu bapa itaonekana.

Ikiyeyuka kwenye 53, soma pakiti. Dawa ya nondo ya dukani si lazima iwe naftalini. Nyingine ni paradiklorobenzini, na huyeyuka hapohapo kwenye 53. Zote mbili zifanyiwe kazi penye hewa nyingi, juu ya maji moto, si juu ya mwali. Mtoto anayejulikana kuwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha damu, asikae karibu na naftalini, kwa sababu inaweza kumvunjia seli nyekundu za damu.

Mashapo meupe pasipo na kitu

Umetia nitreti ya fedha kwenye maji matupu, yakawa na utando mweupe. Maji si matupu. Uliza yametoka wapi. Maji ya visima virefu vya Nairobi huwa na bikaboneti na floraidi, mara nyingine na kloraidi, ambayo hushikana na fedha na kuleta weupe huo, na yanaposambazwa na lori la maji hakuna anayekuambia. Bikaboneti hiyohiyo hula asidi yako kwenye taitresheni. Tumia maji yaliyokenekwa. Yakiisha, vituo vya petroli huuza maji ya betri, lakini soma chupa mara mbili: kando yake huwekwa asidi ya betri, ambayo ni asidi salfuriki, na chupa hufanana.

Mwali ni wa njano, au umeingia ndani

Njano: tundu la hewa limefungwa au limeziba masizi. Zungusha pete, safisha. Bika iliyojaa masizi huchelewa kupata moto na hukuharibia grafu ya joto. Mwali ukiunguruma na kuingia ndani ya bomba la kichomeo, hewa imezidi gesi. Funga gesi kabisa, acha kipoe, usilishike bomba, punguza tundu, washa upya.

SIMAMA ukisikia harufu ya gesi na hakuna kichomeo kilichowashwa. Funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote, wala kuwasha wala kuzima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni na kwenye mitaro, kwa hiyo kutoisikia puani si dalili kwamba imeisha. Toa darasa nje, piga simu ukiwa nje, 999 au 112 kama hali ni mbaya. Fundi wa gesi akimaliza kazi, mwombe apake maji ya sabuni kwenye kila kiungo mbele yako, na povu likitokea popote asiondoke.